Besi ya Shemeji Ditram na Betri Zake Sita

Shemeji Ditram,

Sikuulizi hali. Barua zote tulizofundishwa shuleni zilianza kwa kumtakia mtu afya njema, na najua ungenicheka mpaka ukohoe kama ningethubutu. Nakuandikia nikiwa kibandani kwangu, pale pale karibu na stendi ya Mbinga. Redio za watu zimejaa mezani na tangu asubuhi sijagusa hata moja. Mwenye redio akija namwambia arudi kesho, akininunia namwacha anune.

Ukoo wenu ulipanda kutoka ziwani kuja kumaliza matanga. Vitu vyako vimegawanywa, na jana gitaa lako la besi limeshuka Mbamba Bay pamoja na mdogo wako Wilbadi, kwenye gari lililokuwa limeleta usipa, wale dagaa wa ziwani kwenu. Wewe umebaki huku milimani ulikozikwa, gitaa lako limekwenda kwenu. Nataka nikueleze lilivyoondoka, kwa sababu kabla halijaondoka dada yangu aliniomba jambo moja tu. Alitaka akusikie. Kwaya yetu haikuwahi kurekodi kaseti, unajua tulivyokuwa tunajipanga kila mwaka na kila mwaka tunaahirisha, kwa hiyo sauti yako haiko popote duniani isipokuwa mle ndani ya lile gitaa. Na mimi, fundi wako, nilishindwa kuitoa.

Lakini nianze mbali kidogo. Niruhusu.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Jana yake sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, leo yake maduka ya Mbinga yamejaa redio za plastiki, saa za kuvaa, kaseti, viatu vya mitumba vya kila namna. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuja na malori yao na mizani yao, chama cha ushirika kikayumba, na bendi ya ushirika uliyoipigia besi tangu ukiwa hujaota ndevu vizuri ikafa bila hata kutangaziwa. Vyombo vikafungiwa ghalani, ghala likatiwa kufuli, na mwenye ufunguo akahamishwa. Ukabaki na vidole tu. Dada yangu Skola aliniambia ulikuwa unapiga besi juu ya meza wakati wa kula, akawa anakugonga mkono kwa mwiko.

Ndipo Mzee Shaweji, yule mwenye duka la kona, mtu wa Kilwa aliyekaa kwetu mpaka akajua Kimatengo cha kutukanana, akaleta gitaa kutoka Dar likiwa limelazwa katikati ya marobota ya mitumba. Lilikuwa zuri, la mbao nyekundu iliyoiva, lakini kila aliyelichomeka kwenye amplifaya alipata kimya. Watu wakasema limekufa. Mzee wa watu akakuachia kwa bei ya kulitupa, ukaja nalo kibandani umelibeba begani mithili ya jembe.

"Shemeji," ukaniambia, "nimenunua maiti. Nifufulie."

Nikakagua nyuzi, nikakagua tundu la waya, vyote vizima. Nyuma nikaona kifuniko kidogo chenye skrubu. Nikafungua, nikakuta shimo, na ndani ya shimo saketi ndogo na kibetri cha mraba kilichovimba.

"Mmatengo bwana!" ukasema. "Hata kwenye gitaa anatafuta mashimo!"

Nikakujibu kwamba afadhali sisi tunaochimba mashimo tukapanda mahindi tukala, kuliko ninyi Wanyasa mnaosubiri usipa ujilete wenyewe. Tulitaniana hivyo kwa miaka, na sasa nikiona shamba la ngoro, yale mashimo yetu ya kilimo, limechimbwa vizuri mlimani naanza kucheka, halafu nakumbuka sina wa kumchekea.

"Lakini betri na gitaa wapi na wapi?" ukauliza. "Tochi ina betri. Redio ina betri. Gitaa lina nyuzi, basi."

Nilijua tu kwamba kile kibetri kilikuwa cha volti tisa na kwamba Mbinga nzima hapakuwa na ndugu yake. Nikachukua betri sita za tochi, volti moja na nusu kila moja, nikazipanga mstari mmoja ndani ya pingili ya mwanzi, nikatoa nyaya mbili mpaka ndani ya lile shimo. Mwanzi tukaufunga kwenye mkanda wako wa suruali. Ukachomeka, ukagusa uzi mnene mara moja. Yesu na Maria! Bati la kibanda lilitetemeka, vumbi likatushukia vichwani, na mama wa vitumbua wa jirani akapiga kelele: "Mnabomoa nyumba za watu!" Ulikaa chini kwenye kreti, gitaa mapajani, ukawa unatazama mkono wako.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda na kwaya kupiga harusi Mkumbi, na watu waliacha pilau kuja kuangalia mwanzi wako. Mzee mmoja akauliza kama una dawa humo. Ukamwambia ndiyo, ni dawa ya wachawi wa amplifaya. Tangu siku hiyo wakawa wanakuita Ditram Mwanzi.

Maelezo ya kitu chenyewe tuliyapata baadaye, nilipokwenda Songea kununua spea nikakutana na fundi wa bendi moja ya Dar iliyokuwa ziarani. Nilirudi nikakusimulia ukiwa unamenya muhogo uani kwako, nadhani unakumbuka. Yule bwana alisema kwamba kwenye magitaa ya zamani vile vifundo vya kuzungusha havina cha kukupa. Vinapunguza tu. Ukizungusha huku unaondoa wembamba wa sauti, ukirudisha unapata kile kile kilichonaswa na sumaku zilizo chini ya nyuzi, na hicho nacho kinaendelea kupotea njiani kadiri waya unavyokuwa mrefu. Huko ng'ambo, mwanzoni mwa miaka ya sabini, kuna mafundi wachache waliokuwa wakiwatengenezea magitaa wanamuziki wakubwa, wakaamua kuweka kikuza sauti kidogo ndani ya tumbo la gitaa lenyewe, karibu kabisa na sumaku, na betri yake. Sauti ikawa inatoka ikiwa na nguvu zake tayari, na kifundo kikawa kinaweza kuongeza. Unataka uzito, unauongeza. Unataka ncha ya sauti isikike mpaka mlango wa nyuma, unaiongeza.

Wengi waliwacheka. Gitaa linalokula betri! Mengine yalikuwa yanavuma ovyo, mengine yanazimika katikati ya wimbo, mwanamuziki amesimama jukwaani anashangaa. Lakini baada ya miaka michache viwanda vikubwa navyo vikaanza kuyatoa, na sasa hakuna anayecheka tena. Lako, kwa jinsi nilivyomweleza, alisema ni la wale wa mwanzo mwanzo. Halikuwa hata na swichi ya kuizima ile mashine likapiga kawaida. Sumaku zake zenyewe zilisukwa kwa kuitegemea mashine. Na saketi waliimwagia kitu cheusi juu kama lami, kikakauka, ili fundi mwingine asione kilichomo akaiga.

Ulinisikiliza mpaka mwisho. Halafu ukaweka kisu chini.

"Kwa hiyo miaka yote ile ya ushirika nilikuwa napunguza tu," ukasema.

Nilidhani utacheka. Hukucheka.

Zile betri sita zilikuwa na mambo yake. Skola alikuwa akizianika juu ya bati pamoja na usipa, zikipata jua mchana kutwa jioni zinatoa nguvu ya nyimbo mbili tatu za ziada. "Nimeolewa na mtu au na duka la betri?" alikuwa akiuliza majirani, lakini mvua ikitishia alikuwa wa kwanza kupanda juu ya ndoo kuziteremsha. Na ole wake aliyesahau waya! Kwenye lile gitaa tundu la waya ndilo lililokuwa swichi. Waya ukiwa ndani, betri inaliwa, upige usipige. Padri alikuwa hajamaliza kutoa baraka, wewe huko nyuma unanong'ona, "Chomoa waya, betri inalia!" Kwaya nzima ilikuwa inakuiga. Hata mke wangu akiona nimeacha redio inaongea peke yake ananiambia chomoa waya.

Nyumbani hukuwasha mashine kabisa. Betri ni za kanisani, ulikuwa ukisema. Ulikuwa unavuta kigoda, unaegemeza kichwa cha gitaa kwenye kabati la vyombo la Skola, unapiga hivyo hivyo pasipo umeme. Nimepita hapo mara nyingi jioni, nikakuona dirishani vidole vinatembea, nikaendelea na safari zangu. Kwangu mimi hapo hukuwa unapiga. Ulikuwa unafanya mazoezi.

Kisha biashara huria ikatukumbuka tena, na Mzee Shaweji akaanza kuleta zile betri za mraba. Rahisi, zimejaa kwenye boksi, za kampuni ambayo hata yeye hakuweza kuisoma. Tukafurahi. Tukautundika mwanzi ukutani hapa kibandani, na betri ikaingia tumboni mwa gitaa ilikotakiwa iwe. Naukodolea macho huo mwanzi sasa hivi. Laiti tungebaki nao, betri ingevuja humo, tungetupa mwanzi tukakata mwingine.

Jumapili ile ya kipaimara ulikuja kanisani una homa. Nilikuona umeegemea ukuta, nikadhani umechoka na safari ya Liparamba. Wimbo wa komunyo uliumaliza wote, kila noti mahali pake, halafu ukakaa chini sakafuni na hukuinuka. Tulikubeba. Nyuma yetu wanakwaya walikusanya vyombo wakilia, na mmoja wao akatia gitaa ndani ya mfuko wake kama lilivyo. Simlaumu. Nani siku ile angekumbuka waya? Hospitali walisema malaria imepanda kichwani. Wiki haikuisha.

Msibani, baba yako mkubwa, Mzee Gebhadi, alisimama mbele ya watu akasema vitu vya marehemu visiguswe na mtu yeyote mpaka ukoo ukae. Ndiyo desturi, na hakuna aliyebisha. Mfuko ukawekwa nyuma ya mlango wa chumbani. Skola alikuwa anaufagilia pembeni bila kuugusa. Kahawa ikachumwa, ikakaushwa, ikauzwa. Mvua zikaanza. Na muda wote huo, mle ndani ya mfuko, waya ulikuwa umechomekwa.

Siku ukoo ulipokaa, kabla hata mkeka wa vitu haujatandikwa, Skola aliingia akapiga magoti mbele ya wazee.

"Baba mkubwa, shikamoo. Mimi sidai kitu. Naomba tu kaka yangu aliwashe lile gitaa, nimsikie mume wangu mara moja. Baadaye lichukueni."

"Mwache asikie," Mzee Gebhadi akaniambia. "Hata sisi wa ziwani tulikuwa tunasimuliwa tu."

Nilileta amplifaya na jenereta la kanisa. Nikaufungua mfuko barazani, nikauona ule waya. Nilijua kabla sijashika bisibisi. Betri ilikuwa imepasuka, ungaunga mweupe na kijani umejaa kwenye shimo, umetambaa mpaka kwenye saketi na kuila nyaya zake. Nilisafisha kwa brashi na spiriti. Nikaunga nyaya mpya, nikatia betri nyingine, kimya. Nikaanza kubandua ile lami kidogo kidogo nione nini kimekatika, vipande vikatoka na vitu vilivyokuwa ndani yake. Nikasema basi, niiruke mashine, niunge sumaku moja kwa moja mpaka kwenye tundu, lipige kama besi ya ushirika. Shemeji, kilichotoka kwenye spika kilikuwa mlio wa nzi kwenye kopo. Wazee wako walikuwa wamekaa kwenye benchi wananitazama, wamejipanga na suti zao za msiba, wananisubiri nimfufue mtoto wao. Nilizima jenereta. Sijawahi kuona aibu ya namna ile, na hasira. Nilikukasirikia hata wewe. Ulishindwa nini kuugua siku ya mazoezi, waya ukiwa mkononi mwako?

Nikaingia ndani. Skola alikuwa amekaa peke yake kando ya kabati, kaniki begani.

"Dada, nimeshindwa," nikamwambia. "Mashine imekufa. Hutamsikia."

"Nyuzi zimekatika?"

"Nyuzi nzima."

"Shingo imevunjika?"

"Haijavunjika. Skola, nisikilize. Kilichokuwa kinatoa sauti ni ile saketi ya ndani, nayo imeliwa yote. Bila hiyo lile gitaa ni ubao."

Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama tukiwa wadogo kule Matiri, nikikosea njia ya kisimani.

"Kaka, kwani mimi nimeongelea saketi? Lete hilo gitaa."

Nikalileta. Akavuta kigoda chako kwa mguu. "Kaa hapo. Sio hivyo, geuka. Liegemeze hapa." Akanionyesha kwa kidole ubavu wa kabati, na hapo nikaona alama. Mahali padogo, rangi yote imetoka, mbao imelika ikawa laini. Kichwa cha gitaa kiliingia hapo bila kutafuta.

Mimi ni mpigaji wa kubahatisha, unanijua. Lakini ule wimbo wa komunyo nimeusikia kwako mpaka mikono inaujua. Nikagusa uzi mnene. Kwanza sikusikia kitu. Nikagusa tena kwa nguvu kidogo, na ndani ya kabati vikombe vikaanza kuvuma. Taratibu, vyote kwa pamoja. Nikaendelea. Kila nilipohama noti, sahani moja ilinyamaza na nyingine ikaanza. Skola alilaza shavu lake kwenye mlango wa kabati, akafumba macho.

"Ndiyo huyo," akasema. "Mpeleke polepole. Hakuwa anaharakisha hapo."

Nikampeleka polepole. Nilipoinua macho Mzee Gebhadi alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, na nyuma yake Wilbadi. Mimi nilikuwa nalia, na sikuwa na mkono wa kujifutia. Kanisa zima lilikujua kwa ile sauti ya betri. Mimi nilijivunia kwamba nusu yake nimeitengeneza mimi. Kumbe kulikuwa na hii nyingine ya humu ndani, ya kila jioni, ambayo haikuwa ya kwetu sisi hata kidogo.

Nilipomaliza, Skola alikaa vile vile mpaka vikombe viliponyamaza kabisa. Kisha akainuka, akanipokea gitaa, akalifuta kwa ncha ya kaniki, akampa Wilbadi kwa mikono miwili. Wilbadi ni mtu wa nyavu, hajui kushika hata filimbi. Akalipokea, hajui aliweke wapi.

"Kwako kuna kabati?" Mzee Gebhadi akamuuliza.

"Lipo, baba."

"Haya. Ujifunze."

Hivyo ndivyo lilivyoondoka, shemeji. Ile saketi haikuingia kwenye mgawo, hakuna aliyeiulizia. Iko hapa mezani mbele yangu na vipande vyake vya lami. Kila nikiitazama nafikiria wale mafundi wa ng'ambo waliojitahidi kuificha isionekane, nami nikaikwangua kwa kisu barazani kwenu. Sina la kuifanya na siwezi kuitupa. Mwanzi nao utabaki ukutani. Mteja mmoja leo ameuuliza bei nikamfukuza.

Nimekukumbuka sana. Nasema tu hivyo. Watu wanadhani dada akifiwa, kaka hulia kwa ajili ya dada. Mimi nakulilia wewe. Nilikuwa na rafiki mmoja, nilimpata kwa kuolewa kwa dada yangu, na hakuna tena ndoa itakayoniletea mwingine.

Asubuhi hii kabla sijafungua kibanda nilipita kwa Skola. Nilimkuta ameteremsha vikombe vyote na sahani zote, anaviosha. Nikataka nimsaidie kuvipanga, akanigonga mkono. Alivirudisha mwenyewe, kimoja kimoja, kila kimoja pale pale kilipokuwa. Akanimiminia chai kwenye bilauri, vikombe vikabaki kabatini.

Lala salama, Ditram. Waya nimeuchomoa kwa mkono wangu, nikaukunja duara kubwa ulivyokuwa ukiukunja, nao uko kwa mkeo.

Ni mimi shemeji yako,
kaka yake Skola,
wa mashimo.